Kofi la Pili

Geuza alikuwa na msemo wake ambao hakuchoka kuurudia: gari lina mlango mmoja tu wa maana, nao ni njia uliyojia. Ndiyo maana kila alipofika mahali, kabla ya kuzima injini na kabla abiria hajagusa kitasa, aligeuza gari kwanza likaangalia lilikotoka. Alifanya hivyo miaka yote aliyowaendesha waandishi wa habari wakati wa vita. Alipostaafu akaendelea kufanya hivyo sokoni, hospitalini, hata nyumbani kwa wakwe zake, ambako hakuna mtu aliyewahi kumtimua. Jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho. Mji mzima ulimwita Geuza, na mkewe akawa Mama Geuza, jambo ambalo mama huyo alilikubali shingo upande, maana, alisema, yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na usukani.

Jumamosi ile, saa saba na nusu mchana, Geuza aligeuza gari mbele ya ukumbi wa sinema. Ilimchukua muda, kwa sababu watu walikuwa wamefurika mpaka barabarani na kila mmoja alijiona ana haki ya kuelekeza. Ndani ya gari alikuwa na mkewe na kaka wa mkewe, mtu ambaye utani ulikuwa kazi yake ya pili baada ya kuuza rangi za nyumba.

"Shemeji," aliuliza huyo kaka kutoka kiti cha nyuma, "leo tumekuja kuona filamu au tumekuja kuona kugeuza?"

"Ukitaka kushuka, shuka," Geuza alimjibu. "Mimi bado sijafika."

Filamu yenyewe ilihusu waandishi wa gazeti moja lililokuwa na ofisi mjini hapo, ghorofani, juu ya duka la vyombo vya umeme. Waliotengeneza filamu walikuwa vijana wa miaka hii, vita walivisikia wakiwa mgongoni mwa mama zao. Lakini adabu walikuwa nayo, kwa kuwa waliamua kuionyesha kwanza, tena bila kiingilio, katika mji ambao mambo yenyewe yalitokea. Na cha bure hakijawahi kukosa wateja.

Geuza hakufuata cha bure. Alikuja kwa sababu ya dakika moja ya vita vile. Alitaka kujua kama filamu ingeionyesha, na kama ingeionyesha, ingesema nini juu yake yeye.

Katika waandishi wote aliowaendesha, aliyemkaa moyoni alikuwa mpiga picha mmoja mwembamba waliyemwita Moja Tu. Ukimwambia tuondoke, anakujibu, "Ngoja, picha moja tu," kisha anapiga kumi. Alivaa kamera shingoni na chupa ya maji begani, chupa ya zamani ya chuma yenye mkanda wa turubai, na hivyo viwili hakuvivua hata aliposinzia garini. Kwenye milio ya risasi sauti ya mtu haisikiki, kwa hiyo yeye na Geuza walikuwa na lugha yao ya kiganja juu ya paa la gari. Kofi moja: nisubiri. Makofi mawili: nenda, usiniangalie mimi. Kwa miaka mitatu lugha hiyo haikuwahi kuwakosanisha.

Ikafika siku ya mtaa wa waoka mikate. Mabomu yalikuwa yameangukia foleni ya watu. Geuza akageuza gari la gazeti, kama kawaida yake. Moja Tu akashuka, akapiga picha, halafu akaiachia kamera ining'inie, akaanza kubeba watu. Wakawapakia majeruhi mpaka mlango wa nyuma ukagoma kufungika, Moja Tu akausukuma kwa bega. Geuza akarudi kwenye usukani. Akasikia kofi moja juu ya paa. Akasubiri. Risasi zikaanza kutoka upande wa kiwanda, vumbi likafunika vioo, nyuma yake watu wanalia. Ndipo akasikia mlio wa pili. Ulikuwa umechelewa, na haukuwa mlio wa kiganja. Ulikuwa mlio wa chuma kwa chuma. Geuza akahesabu mawili, akakanyaga mafuta.

Baada ya dakika arobaini alirudi. Moja Tu alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, kamera mapajani. Chupa yake ya maji haikuwepo, na Geuza alidhani imeibwa, kwa sababu vita havina aibu. Mtu mwenyewe hakuwa hai.

Asubuhi iliyofuata, alipokuwa akiosha gari, mkono wake ulipita juu ya paa ukakutana na kibonyeo. Kilikuwa kipya, kina chake kama kijiko cha kulia. Geuza akasimama na kitambaa chake mkononi, maji yanachuruzika. Kiganja cha mtu hakibonyezi bati. Jiwe linabonyeza, kipande cha bomu kinabonyeza. Basi mlio ule wa pili haukuwa kofi. Rafiki yake alipiga mara moja, alisema nisubiri, naye hakumsubiri.

Hilo ndilo lililomla miaka ishirini na miwili. Hakumwambia mhariri wala hakumwambia mkewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo Geuza aliivaa kila siku, ikafuliwa, ikapigwa pasi, na kinachomla kimo ndani. Watu waliona dalili tu: gari lake halipigwi paa. Mpakiaji mizigo mmoja wa stendi aliwahi kulipiga kwa furaha, "Haya mzee, twende kazi!" Geuza akashuka akakaa ukingoni mwa barabara robo saa nzima, uso umepauka. Watu wakasema mzee ana wivu na rangi ya gari lake. Mkewe naye, kila aliposhuka kumfungulia geti, alijifunza kumwashiria kwa leso kama mfanyakazi wa reli.

Ukumbi wa sinema siku hizi ulikuwa unakodishwa zaidi kwa harusi, na viti bado vilikuwa na riboni za wiki iliyopita. Mbele walitundika kitambaa cheupe chenye mshono mmoja katikati, kwa hiyo kila mwigizaji aliyesimama katikati alikuwa na kovu. Taa zikazimwa. Geuza akafuta viganja vyake kwenye suruali.

Waandishi wa kwenye filamu walikuwa watanashati kupita kiasi. Vita vimepamba moto, mashati yao yamenyooka. Ofisi yao ilikuwa na zulia.

"Zulia!" Geuza alimnong'oneza mkewe. Ofisi halisi ilikuwa na ndoo tatu za kukinga maji ya mvua na birika moja ambalo kila mtu alidai si zamu yake kuliosha. Lakini kijana aliyeigiza Moja Tu alikuwa amejifunza, sijui kwa nani, kuinamisha kichwa upande wa kushoto kabla ya kubonyeza kamera, vile vile kabisa, na Geuza akajikuta anatabasamu gizani peke yake.

Kinyozi wa mtaani kwao, aliyewahi kiti cha safu ya mbele, alikuwa amegeuka kamanda. "Lala chini wewe! Nyuma yako!" aliwapigia kelele waigizaji, kisha akawageukia jirani zake na kuwatuliza: "Msiwe na wasiwasi, stelingi huwa hafi."

Halafu dereva akatokea. Walimfanya mwembamba, mwenye jasho, macho hayatulii. Gari likafika mtaani, na kabla waandishi hawajashuka, dereva akaligeuza.

Ukumbi ukaangua kicheko. "Huyo keshaanza kukimbia na vita bado!" mtu alisema. Shemeji yake alicheka kwa sauti mpaka akajipiga mapaja, kwa sababu kwake ule ulikuwa ni utani wa nyumbani umewekwa kwenye kitambaa kikubwa. Geuza naye alicheka kidogo. Kugeuza kwake kuliwahi kuwaokoa watu kumi na tisa kwa siku tofauti, aliwahesabu, lakini angeanzia wapi kuueleza ukumbi mzima?

Kisha ukaja mtaa wa waoka mikate. Moja Tu wa filamu alikimbia huku na huku akipiga picha katika moshi. Dereva alikaa ndani ya gari, akatazama kioo cha pembeni, akamwona mpiga picha anakuja mbio amenyoosha mkono. Dereva akafuta jasho. Akatia gia, akaondoka. Kofi halikuwepo, hata moja. Kamera ya filamu ikaonyesha kiti cha nyuma cha gari lile: kitupu, na juu yake koti limelala.

"Mwoga we!" sauti moja ilipaa kutoka nyuma, na watu wakazomea. Shemeji hakuwa akicheka tena. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mkewe Geuza aliutafuta mkono wa mumewe gizani, akaushika.

Geuza mwenyewe alishangaa kwamba hakuwa na hasira. Alichohisi kilikuwa kama anachohisi mtu anayegongewa mlango na polisi baada ya kuwasubiri miaka mingi. Basi wamejua, aliwaza. Sijui wamejuaje, lakini wamejua.

Filamu ilipokwisha, watu wakapiga makofi, wengine kwa moyo, wengine kwa adabu. Taa zikawashwa. Mtengenezaji wa filamu, binti mwenye miwani ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe Geuza, akapanda mbele na kipaza sauti kilichopiga yowe mara mbili kabla ya kukubali kazi. Alisema wamekuja kusikiliza, na watu wasione haya.

Haya? Mji ule haukuwa na ugonjwa huo. Kinyozi alisimama wa kwanza akalalamika kwamba stelingi amekufa na hilo si jambo la kumfanyia mtu aliyekatisha kazi zake Jumamosi, lakini mabomu yalikuwa mazuri, aliyapa mia kwa mia. Mwalimu mmoja mstaafu alisema yeye mabomu mazuri hajawahi kuyaona. "Mwanangu, umetengeneza filamu ambamo waandishi wana majina, wana wapenzi, wana ndoto. Sisi wa mji huu tumekuwa maiti wa kuangukia pembeni. Nimehesabu. Hakuna mmoja wetu aliyesema sentensi nzima." Watu wakaguna kwa kukubali. Mama mmoja wa makamo akasimama akasema yeye anashukuru tu, kwa sababu ameisikia tena kengele ya duka la mikate, na hakujua kwamba alikuwa na hamu nayo. Mtoto wa mwoka mikate mwenye duka hilo akadakia kwamba kengele sawa, ila mlango wao haukuwahi kuwa wa kijani. Mzee mmoja aliyekuwa mwanajeshi alivaa kofia yake akatoka, na watu wakampisha.

Ndipo kijana mmoja, mwanafunzi kwa kumtazama, akachukua kipaza sauti. "Mimi naulizia yule dereva. Alimwacha mwenzake akafa. Je, alishtakiwa? Yuko wapi?"

Waliojua ni Geuza wakaanza kuchunguza riboni za viti. Kinyozi, aliyekuwa hajui kunyamaza, alinyamaza.

"Shemeji, twende zetu," alinong'ona kaka wa mkewe. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waache."

Lakini Geuza alikuwa amesimama tayari. Akashika kiti cha mbele yake.

"Yuko hapa," alisema. "Ni mimi."

Shingo zote zikageuka. Mtengenezaji wa filamu akaweka mkono mdomoni.

"Sitaki mtu anitetee," Geuza aliendelea, na sauti yake, iliyozoea kushindana na injini, haikuhitaji kipaza sauti. "Kuna mambo mmeyakosea. Gari halikuwa tupu. Lilijaa majeruhi, niliwafikisha hospitali, sijui nani alipona na nani hakupona. Lakini kwenye jambo kubwa hamkukosea. Mimi na yule mpiga picha tulikuwa na alama zetu. Akipiga paa mara moja, nimsubiri. Mara mbili, niende. Siku ile nilisikia kofi moja. Halafu nikasikia mlio mwingine, nikajidai ni kofi la pili, kwa sababu nilikuwa naogopa, nilitaka liwe la pili. Kumbe lilikuwa jiwe, au kipande cha bomu. Kesho yake nilikuta paa limebonyea. Mtu wangu aliniambia nisubiri. Sikusubiri. Ndiyo hivyo."

Mkewe alimtazama kutoka kitini kama mtu anayesomewa barua ya miaka ishirini iliyopita. Alikuwa anaiona ile leso ya getini.

"Si kweli," mtu alisema.

Sauti ilitoka karibu na mlango. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi wa nguo, maana alikuja na futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Alisogea mbele akipenya kati ya magoti ya watu, na hakuomba radhi hata kwa mmoja.

"Si kweli, baba. Yalikuwa mawili. Mimi nilikuwa ndani ya gari."

Geuza alimtazama. Hakumtambua. Siku ile hakuwa ameangalia sura, aliangalia njia.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," fundi alisema. "Nilikaa dirishani nyuma, upande wa kushoto, mama yangu amelala mapajani mwangu. Tulikuwa saba. Yule mpiga picha alisukuma mlango kwa bega, kioo kilikuwa chini. Akapiga paa kwa kiganja, pa! Halafu akaja mlango wa mbele, nadhani aingie. Akachungulia, akakuta kiti chake mmemkalisha yule babu aliyevunjika mguu. Akarudi kwangu. Akatuangalia mmoja mmoja, kama mtu anayepanga vyombo kabatini anaona nafasi imekwisha. Mama yangu alikuwa anaomba maji. Basi akaivua chupa yake begani, ile ya chuma, akapiga nayo paa, ndo! Akasema, 'Nenda, nenda!' Niliuona mdomo wake. Wewe usingeweza kusikia. Halafu akaniingizia chupa dirishani, akaniambia, 'Mpe kidogo kidogo.' Na wewe ukaondoka."

Geuza alikuwa amekishika kile kiti kwa mikono miwili.

"Kwa chupa?" aliuliza. Ilikuwa sauti ndogo, wengi hawakuisikia.

"Kwa chupa. Ninayo nyumbani. Imebonyea kitakoni, haisimami mezani, inayumba. Mama huwa anailaumu mpaka leo kwamba fundi wake alikuwa mlevi."

"Mama yako…"

"Yupo. Mguu mmoja unamsumbua wakati wa baridi, mdomo haujamsumbua hata siku moja. Tangu asubuhi ananipigia simu kuuliza kama nimeanika nguo." Fundi akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akajifuta kwa ncha ya futi yake. "Baba, mimi nimekutafuta. Pale hospitali walisema ni gari la gazeti, gazeti likafungwa, ofisi ikawa duka la simu, nami sikuwa na jina la kuulizia. Nilitaka kukwambia asante. Watoto wangu watatu wamelelewa na bibi yao. Wamepata bibi kwa sababu wewe hukusubiri."

Geuza aliketi. Akafunika uso wake kwa viganja na mabega yakaanza kutikisika, na mkewe, ambaye katika miaka thelathini na nne ya ndoa alimwona akilia mara moja tu, tena kwa sababu ya meno, akamkumbatia mbele ya watu wote bila kujali nani anaangalia. Mawili, Geuza alikuwa anasema ndani ya viganja vyake. Yalikuwa mawili. Alijisikia mwepesi mpaka akaogopa.

Mtengenezaji wa filamu alishuka jukwaani, akachuchumaa mbele yake, miwani imeingia ukungu.

"Mzee wangu, nisamehe. Tuliwauliza wahariri, tukawauliza waandishi waliobaki. Wote walituambia gari liliondoka yeye akabaki. Hakuna aliyetuambia ndani kulikuwa na watu, nasi hatukumtafuta dereva. Hatukufikiria hata kumtafuta."

"Mwanangu," Geuza alisema akijifuta pua kwa leso ya mkewe, "nikusamehe kwa lipi? Ungeitengeneza sawasawa, huyu mama angeangalia, angeridhika, angerudi zake kwenye cherehani. Na mimi ningerudi zangu na jiwe langu kifuani. Umekosea, Mungu akubariki kwa kukosea."

"Bado ni filamu mbaya," mwalimu mstaafu alisema kutoka nyuma, bila kuulizwa.

"Ni mbaya sana," Geuza alikubali. "Asante sana."

Hapo ukumbi ukacheka, kicheko cha watu waliokuwa wameshikilia pumzi. Yule aliyepaza sauti kumwita dereva mwoga alikuja na kusimama mbele ya Geuza akikunjakunja karatasi mikononi, akasema, "Mzee, ile sauti…" akashindwa kumalizia. Geuza akamshika mkono. Kinyozi, ili asipitwe na ukarimu, akatangaza mbele ya mashahidi kwamba kuanzia leo dereva atanyolewa bure mwaka mzima. Ilibidi akumbushwe kwamba Geuza hakuwa na unywele hata mmoja.

"Kwa hiyo hakuna hasara," shemeji alisema. Kisha akamsogelea Geuza, akamwekea mkono begani, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikosa utani. "Nilicheka ulipogeuza gari," alisema. "Nisamehe, shemeji."

"Cheka tu. Hata yeye alikuwa anacheka," Geuza alimjibu, na kila mtu alielewa kwamba anamsema Moja Tu.

Fundi aliandika namba yake ya simu kwenye kipande cha kitambaa, kwa chaki, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa nacho mfukoni. Wakakubaliana kesho mchana. Wataiona chupa, na mama atamwona dereva wake. "Ila msimwambie nilikuja sinema," fundi alisema. "Anajua niko dukani."

Njiani kurudi Geuza aliendesha polepole. Shemeji alikaa nyuma, kimya, jambo ambalo lilikuwa geni mpaka Geuza akamtazama mara mbili kwenye kioo kuhakikisha yupo. Mkewe alikaa mbele na kile kitambaa cha namba mapajani. Walipopita barabara ya kiwanda, alisema, "Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba uliolewa na mtu aliyemwacha rafiki yake?"

"Ungeniambia nisipunge leso. Miaka yote hii mkono unaniuma."

Geuza akacheka, machozi yakamtoka tena, ikabidi asimamishe gari pembeni kidogo.

Nyumbani jua lilikuwa bado juu. Mkewe akashuka, akafungua geti, akalisukuma bawa moja, kisha la pili. Akaitoa leso kwa mazoea. Geuza akateremsha kioo.

"Iweke," alisema. "Piga paa."

Mama Geuza alimtazama ahakikishe amesikia vizuri. Akaja pembeni ya gari, akaweka kiganja chake juu ya bati taratibu kwanza, kama anapima joto la paji la uso. Akapiga. Moja. Geuza akasubiri, mikono juu ya usukani. Akapiga la pili. Geuza akatia gia, na kabla hajaachia klachi likaja la tatu, zito kuliko yote mawili.

Akachungulia nje. "La tatu la nini?"

"La tatu ni langu, la kunificha," mkewe alisema. "Ingia."

Geuza akaingiza gari, moja kwa moja, pua ikielekea mlango wa nyumba, akazima injini. Shemeji akageuka nyuma kulitazama geti, akamgeukia tena yeye.

"Shemeji, hujageuza."

"Nimefika," Geuza alisema, akafungua mlango.